Kamera kifuani mwa polisi: picha inabaki mikononi mwa nani?

Kamera ya kuvaa ni kidude kidogo ambacho askari polisi anafunga kifuani. Inarekodi picha na sauti wakati anasimamisha gari, anapekua nyumba ao anakamata mtu. Inalinda pande mbili: raia asionewe, na polisi naye asisingiziwe. Lakini mara nyingi ni askari mwenyewe ndiye anaiwasha na kuizima, na ni polisi ndiyo inatunza picha. Hapo ndipo shida inaanzia.

Kesi ya Chebeya

Floribert Chebeya, mtetezi wa haki za binadamu, alizaliwa Bukavu mwaka wa 1963. Tarehe 1 mwezi wa sita 2010, aliitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa kukutana na mukubwa wa polisi, jenerali John Numbi. Kesho yake alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Mwili wa dereva wake, Fidèle Bazana, haujaonekana.

Makao yale yalikuwa na kamera za ulinzi. Afisa Paul Mwilambwe, aliyekimbia inchi, alisema aliona mauaji kwenye skrini. Lakini kilichosaidia korti sana ni maneno ya watu: mwaka wa 2021, askari wawili waliokimbilia inje walikubali kusema walivyoshiriki. Tarehe 11 mwezi wa tano 2022, Korti Kuu ya Kijeshi ilimpa Christian Ngoy Kenga Kenga hukumu ya kifo na kumwachilia Mwilambwe. Numbi, ambaye alikana siku zote, hakuhukumiwa katika kesi hiyo.

Kamera peke yake haitoshi

Huko Minneapolis, Marekani, polisi walikuwa na kamera kifuani siku George Floyd alipouawa, tarehe 25 mwezi wa tano 2020. Hata hivyo, tangazo lao la kwanza lilisema alipata tatizo la afya. Dunia ilijua ukweli kupitia video ya simu ya msichana aliyekuwa anapita. Picha za polisi zilitolewa baadaye, zikasaidia kortini.

Raia afanye nini?

Katiba ya Kongo, kifungu cha 18, inasema mtu asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye sheria. Kifungu cha 156 kinaweka makosa ya polisi chini ya korti za kijeshi. Ndiyo maana mashtaka yanapelekwa kwa auditora wa kijeshi. Tangu AFC/M23 ishike Bukavu mwezi wa pili 2025, njia hiyo imekuwa ngumu.

Kwa hiyo ushahidi utunzwe: andika siku, saa, mahali na namba ya gari, omba karatasi ya munganga, video usiikate, na nakala yake ikae kwa mtu mwingine unayemwamini. Kesi ya Chebeya ilingoja miaka 12 kufikia hukumu hiyo.