Tenda kachukua mkubwa, wewe mdogo wa Kariakoo unaingiaje?



Tarehe 10 Julai 2021 usiku soko kuu la Kariakoo liliungua. Mwaka uliofuata ujenzi ukaanza, mkandarasi ESTIM Construction, kazi ya bilioni 28 na ushee. Hiyo ni hela ya serikali iliyotua katikati kabisa ya mitaa yetu. Sasa jiulize: wewe mwenye duka la nati na bolti Gerezani, wewe mwenye vyerehani vinne karibu na Msimbazi, ulipeleka hata profoma moja pale? Wengi tukiona mabati yamezungushiwa saiti tunasema "hiyo ya wakubwa" tunapita zetu.

Ukweli ni kwamba mkandarasi mkuu hafanyi kila kitu mwenyewe. Strabag walipojenga barabara za mwendokasi awamu ya kwanza (mabasi yakaanza Mei 2016), Yapi Merkezi walipoanza SGR Dar-Morogoro 2017, walikuja na mitambo na mainjinia. Lakini saiti ya namna hiyo inataka kila siku chakula cha vibarua, maji, ovaroli, buti, glovu, spea, usafi, ulinzi, uchomeleaji. Hapo ndo penye nafasi yako. Ihifadhi hii, itakufaa.

1. JUA KWANZA UNAUZA AU UNAJENGA
Hivi ni vitu viwili tofauti. Kupeleka buti au chakula ni biashara ya kawaida. Lakini ukichukua kipande cha kazi yenyewe (kupaka rangi, bomba, umeme, kuweka vigae) wewe sasa ni mkandarasi, na sheria ya mwaka 1997 inataka usajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Madaraja ya majengo na barabara ni saba, la saba ndilo la kuanzia. Yapo pia ya ukandarasi maalumu kwa wenye fani moja. Na kipande cha ujenzi huwa hakigawiwi kienyeji, kwa kawaida mwenye mradi anatakiwa aridhie kwa maandishi. Kwa hiyo ukiambiwa "we njoo tu ufanye, jina lako halitaandikwa", ujue siku ya kudai utakuwa hujulikani.

2. KARATASI
Afisa manunuzi hana muda wa kukufundisha. Anataka aone jina la biashara au kampuni kutoka BRELA, TIN, leseni ya biashara (kwa Kariakoo nenda Halmashauri ya Jiji, Ilala ya zamani), hati ya TRA kuonyesha hudaiwi kodi, na akaunti ya benki yenye jina la biashara, siyo jina lako. Kama una wafanyakazi, ataulizia NSSF na WCF.

Halafu risiti ya EFD. Najua Kariakoo ukitaja TRA watu wananuna, maduka yalifungwa Mei 2023 na tena Juni 2024. Lakini elewa upande wa mkubwa: asipopata risiti halali, TRA inaweza kuikataa hiyo gharama kwenye hesabu zake. Kwa hiyo bei yako ikiwa nafuu bila risiti, kwake siyo nafuu. VAT isikutishe, tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili kilipanda kutoka mauzo ya milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka.

3. JUA NANI KASHINDA, MAPEMA
Zamani habari za tenda ilikuwa lazima uwe na mjomba wizarani. Siku hizi tenda za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST ulioanza 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Unafungua nest.go.tz, unaona tenda zilizotangazwa na zilizokwisha kutolewa, na nani kapewa. Kila mshindi mpya ni mteja wako mtarajiwa. Mfuate wiki ileile, kabla hajazoea wauzaji wengine. Kwa kazi za ufundi mfuate hata kabla tenda haijafungwa, ili akuweke kwenye maombi yake.

Angalizo: wengi tunafunguliwa akaunti za mfumo pale steshenari. Sawa, lakini nywila badilisha mwenyewe ukifika nyumbani. Akaunti hiyo ni ofisi yako.

4. PELEKA PROFOMA INAYOSOMEKA
Ukurasa mmoja: unauza nini, bei kwa kimoja, unaleta kwa siku ngapi, bei inashikilia hadi lini. Usiandike unauza KILA KITU, hakuna atakayekuamini. Silaha yako wewe wa Kariakoo ni ukaribu: wakikwama saa tano asubuhi, saa saba mzigo uko saiti. Liandike hilo. Anza na oda ndogo, ilete kamili na kwa wakati, oda ya pili itakutafuta yenyewe.

5. HAPA NDO WATU WANAPOFIA: MALIPO
Kupata oda siyo ushindi, ushindi ni kulipwa. Piga hesabu hii (namba za mfano tu). Umeagizwa ovaroli 200. Kila moja inakugharimu 30,000, jumla milioni 6, unauza 35,000, jumla milioni 7. Faida milioni 1, safi. Lakini milioni 6 umekopa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, yaani laki 6. Ukilipwa baada ya siku 30 unabaki na laki 4. Ukilipwa baada ya siku 90, riba imefika milioni 1.8. Umepata tenda, umefanya kazi, na umepata HASARA ya laki 8.

Mkandarasi atakwambia "tunasubiri serikali itulipe". Mara nyingi ni kweli, na yeye anaumia. Lakini yeye ana mgongo, wewe huna. Kwa hiyo kabla hujapeleka mzigo:
- pata LPO iliyosainiwa, siyo simu wala meseji
- andikeni malipo ni baada ya siku ngapi tangu mzigo kupokelewa, siyo "tukilipwa"
- omba malipo ya awali, hata asilimia 30
- mtunza stoo asaini hati ya kupokea mzigo, nakala ubaki nayo
- oda kubwa igawe, awamu ya pili baada ya kulipwa ya kwanza

Akikataa yote hayo, mwache. Kukosa oda hakuui biashara, deni linaua.

6. MATAPELI NA "CHA JUU"
Akikupigia mtu anataka "ada ya tenda" kwenye namba yake ya simu, huyo tapeli. Malipo ya serikali yanakwenda kwa namba ya udhibiti. Na afisa wa kampuni akitaka chake ndipo akupe oda, hiyo ni rushwa hata kama kampuni ni binafsi, sheria ya 2007 haikuwaacha. TAKUKURU simu 113, bure.

7. MLANGO WA PILI
Marekani tangu 1978 sheria inawabana makandarasi wakubwa waonyeshe mpango wa kugawa kazi kwa wadogo. Kwetu kuna mlango wa kwenda serikalini moja kwa moja: taasisi zinatakiwa zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Mnajiunga kikundi, mnasajiliwa, mnaingia NeST. Na mtaji, kabla ya kukimbilia riba ya mtaani ulizia halmashauri mikopo ya asilimia 10 (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu). Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024, na haina riba.

Basi wadau, kesho ukipita kwenye mabati ya saiti usiishie kushangaa. Soma bango, andika jina la mkandarasi, rudi na profoma. Mwenye uzoefu wa kudai hela yake akaipata, atumwagie hapo chini alifanyaje.