Mstari wa bidoni: kwa nini maji yanatoka polepole, na kwa nini hilo ni jambo la uhai

Katika mji wa Kalemie ziwa linaonekana karibu kila mahali, lakini mstari wa bidoni kwenye robine huanza kabla jua halijatoka. Mama aliyefika wa kumi na mama aliyefika wa arobaini wanasimama mbele ya robine moja, ila siku yao haitafanana. Wa kumi atarudi nyumbani mapema. Wa arobaini atahesabu muda, ataangalia ziwa, na huenda akashuka kuteka huko. Hapo ndipo kolera inapopata njia.

Watu husema tu kwamba "maji hayana nguvu". Kwa kweli mambo ni mawili. La kwanza ni presha, yaani msukumo. Maji yaliyo katika tangi juu ya mlima yanasukuma kwa uzito wake: kila mita 10 za kimo zinaleta karibu bar 1. Kwa hiyo nyumba iliyo bondeni inapata msukumo mkubwa kuliko ile iliyo juu, karibu na tangi. La pili ni wingi, yaani lita ngapi zinatoka kwa dakika moja. Robine zote zikiwa zimefungwa, presha inaweza kuwa nzuri. Zikifunguliwa pamoja asubuhi, maji yanagawanyika, na bomba jembamba, lenye kutu au linalovuja njiani halitoshi tena.

Shida hiyo ina historia. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na Albertville, kama Kalemie ilivyoitwa wakati ule, ikawa mji wa stesheni na bandari. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, mabomba yaliingia kwanza katika nyumba za Wazungu na maofisi. Wafanyakazi Wakongo waliokaa cité mara nyingi walipewa robine ya kushirikiana. Mwaka 1939 serikali ya kikoloni iliunda Regideso, ambayo mpaka leo ndiyo kampuni ya maji ya taifa. Baada ya uhuru miji ilikua haraka kuliko mabomba yake. Kila nyumba mpya inayoungwa kwenye bomba la zamani inachukua sehemu ya maji ya jirani.

Tena maji hayapandi mlimani yenyewe. Pampu ndizo zinazoyasukuma, na pampu zinataka umeme. Kalemie inapata umeme wake kutoka mitambo ya maporomoko ya Bendera, kaskazini mwa mji. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, tangi linaisha na presha inaanguka. Hapo hatari inageuka. Bomba lenye presha, likiwa na tundu, linatema maji nje. Bomba lisilo na presha linaweza kunyonya ndani maji machafu ya mtaroni. Ndiyo maana maji ya kwanza yanayotoka baada ya siku kavu hayafai kunywewa bila kuchemshwa au kutiwa klorini.

Jambo hili lilipimwa Uvira, mji wa Kivu ya Kusini ulio kwenye ziwa hilohilo la Tanganyika. Watafiti wa chuo cha afya cha London, katika kazi iliyotolewa mwaka 2015, walilinganisha maji yaliyotumwa mjini na wagonjwa waliopokelewa kwa kolera kati ya 2009 na 2014. Waliona kwamba katika siku 12 zinazofuata siku isiyo na maji ya robine, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kolera waliongezeka zaidi ya mara mbili, wakilinganishwa na siku ambayo maji yalitoka vizuri. Karibu mgonjwa mmoja kwa kila wanne alihusiana na kukatika huko kwa maji.

Kwa familia zilizokimbia vita, hesabu ya robine ilitokana na msiba. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa wingi na kuteka maji ya Ziwa Kivu. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50.000 walikufa, wengi wao kwa kolera na kuhara damu. Baada ya hapo, mwaka 1997, mashirika ya misaada yalianza kuandika kanuni za pamoja zinazoitwa Sphere. Zinasema mtu apate angalau lita 15 kwa siku, robine moja isihudumie zaidi ya watu 250, itoe lita 7 na nusu kwa dakika, na mtu asingoje zaidi ya nusu saa.

Hesabu yake ni nyepesi. Watu 250 kwa lita 15 ni lita 3.750. Robine inayotoa lita 7 na nusu kwa dakika inazimaliza kwa saa 8 na dakika 20. Wingi ukipungua nusu, itahitaji karibu saa 17, na hakuna robine inayofunguliwa muda huo. Watakaobaki bila maji ni wale wa mwisho katika mstari, na watashuka ziwani.

Wakati wa mapigano ya 2016 na 2017 familia nyingi zilifika Kalemie na kukaa katika kambi kama Katanika na Kalunga. Huko, kama katika mitaa ya mji, kipimo kinachofaa hakihitaji mashini. Bidoni ya lita 20 kwenye robine nzuri inajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Ikichukua dakika 5 au 6, wakaaji wana namba ya kupeleka kwa kamati ya maji au kwa mkubwa wa mtaa. Malalamiko ya kwamba maji hayana nguvu yanasahaulika haraka. Dakika zilizoandikwa kila asubuhi kwa wiki nzima ni vigumu kuzikataa.