Maziwa, Mionzi na Watoto: Chernobyl Ikitazamwa kutoka Lemara

Njiro, jirani na Lemara, ndiko iliko maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, mrithi wa Tume ya Taifa ya Mionzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Aprili 1986, kinu cha Chernobyl kililipuka. Watoto walidhurika hasa kwa maziwa: ng'ombe walikula majani yenye iodini-131, nayo ikajikusanya katika tezi za shingo za wanywaji. Kufikia mwaka 2005 wagonjwa wa saratani ya tezi hiyo, waliokuwa watoto na vijana wakati wa ajali, walizidi 6,000. Iodini hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8. Haikuweza kudumu safari ndefu ya meli. Sesiamu-137 huchukua miaka 30. Haionekani, hainuki, mama wa Lemara mwenye kopo la maziwa ya unga alimtegemea mpimaji.