Pancha Ina Historia, na Sisi Tumo Ndani Yake

Ukiona tairi kuukuu limesimamishwa kando ya barabara hapa Chaani, hilo ndilo bango. Halina maandishi, lakini kila mtu wa boda anajua hapo pancha inazibwa. Rika letu wengi wanaona hiyo ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Mimi nabisha, na nabisha kwa historia.

Zamani mpira ulikuwa tabu tupu. Joto likizidi unanata, baridi ikija unakauka na kupasuka. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear akagundua kuwa ukiuchanganya na salfa na kuupasha moto, unatulia. Alikufa 1860 akiwa na madeni. Ile kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa 1898 na watu wengine kabisa.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kule Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo la baiskeli. Manake pancha nayo ikapata soko! Tairi lake liligundishwa kwenye rimu. Mwendesha baiskeli mmoja alipopeleka la kwake kwa ndugu Michelin, Ufaransa, kulitoa na kuliziba kulichukua saa kadhaa, halafu gundi ikaachwa ikauke usiku kucha. Ndipo mwaka 1891 wakaleta tairi linalotoka kwa urahisi. Yaani kilichowasukuma ni pancha.

Lakini kuna sehemu tunayorukishwa. Dunia ilipoanza kutaka matairi kwa pupa, mpira ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu wa kuleta kutoka msituni. Walioshindwa walichapwa, waliuawa, wengine walikatwa mikono. Kwa hivyo mtu asikwambie tairi ni zawadi tuliyoletewa. Waafrika walililipia kwa damu kabla hata hawajalipanda.

Sasa mtazame fundi wetu. Anajaza tyubu upepo, anaizamisha kwenye karai la maji, anaizungusha polepole. Mapovu yakitoka, mwizi kashikwa. Anaweka alama, anakausha, anapiga msasa, anapaka gundi na kungoja ishike kidogo, kisha anabandika kiraka na kukigonga. Halafu tyubu inarudi kwenye karai mara ya pili, manake kazi haiaminiki mpaka maji yakubali.

Kanuni ni hiyo hiyo hata kwa godoro la upepo la kambini: lijaze, lipake maji ya sabuni, fuata mapovu, usisahau kukagua valvu. Tofauti ni kwamba gundi ya tyubu haishiki vizuri kwenye plastiki, lataka gundi yake.

Vitabu vinamkumbuka aliyejaza upepo. Anayeuzuia usitoke hana sanamu wala ukurasa, na aliyekatwa mkono ndiye kasahaulika zaidi. Mimi naona hiyo si haki. Mzigo wa bandari na abiria wa boda wote wanategemea kiraka cha mtu.

Basi ukipata pancha kesho, acha kuita "wee wa pancha!" Mwite fundi, na umlipe bila kelele.