Asili ya Diski Ngumu na Hiari ya Kuibadili

Mtu ambaye diski ngumu ya kompyuta yake ya nyumbani imekufa, akaenda dukani akanunua nyingine ya mtengenezaji mwingine kabisa, akarudi akaikaza kwa skrubu nne zile zile na kuichomeka katika waya ule ule, huenda akadhani kwamba mambo yamekuwa hivi tangu asili. Ilhali historia yashuhudia kwamba hiari hiyo haikuwako hapo kwanza, bali ilipatikana kidogo kidogo, kwa muda wa miaka 30 na zaidi, kwa mapatano ya watu waliokuwa wakishindana vikali katika biashara.

Diski ngumu ya kwanza iliundwa San Jose, California, katika maabara ya IBM iliyosimamiwa na Reynold Johnson, ikatangazwa mwezi wa Septemba 1956 ikiwa sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50 za alumini zilizopakwa rangi yenye sumaku, kila moja kipenyo chake inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Na kando yake palikuwa na mkono uliopanda na kushuka kuitafuta sahani iliyotakiwa, ndipo ujipenyeze ndani kusoma. Chombo hicho, chenye uzito wa takriban tani moja, kilihifadhi herufi milioni 5 tu. Wateja aghalabu hawakukinunua bali walikikodi, na kilipoharibika alikuja fundi wa IBM na kifaa cha IBM. Mteja hakuwa na la kuchagua.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni nyingine, Memorex ikiwa miongoni mwao, zilianza kuuza diski zilizoafikiana na mashine kubwa za IBM kwa bei nafuu zaidi. Lakini unafuu huo ulikuwa wa benki na ofisi kubwa, si wa raia nyumbani kwake. Zamu ya raia ilifika mwaka 1980, wakati kampuni ya Alan Shugart na wenzake, iliyokuja kujulikana kwa jina la Seagate, ilipotoa diski ya ST-506, yenye megabaiti 5 na bei ya dola 1,500, ambayo umbo lake lilifanywa sawa na la kisomaji cha flopi cha inchi 5.25 ili ipate kuingia katika nafasi ile ile.

Hata hivyo taabu ilikuwa nyingi. Akili ya kuiongoza diski ilikaa katika kadi ya peke yake ndani ya kompyuta. Na katika IBM PC AT ya mwaka 1984, mwenye mashine alipaswa kuichagulia diski nambari ya aina yake kutoka katika jedwali lililokwisha kuandikwa humo, na diski isiyokuwamo katika jedwali ilimtia mashakani. Tena, diski iliyotayarishwa kwa kadi moja aghalabu haikusomeka kwa kadi ya namna nyingine, hata kadi ilipoungua, maandishi yaliyo salama juu ya sahani yalikuwa kama yaliyopotea.

Mwaka 1986 ndipo jambo lilipogeuka. Western Digital, kwa haja ya kampuni ya Compaq, ilitunga utaratibu wa IDE, ambao kwao ile akili ya kuongoza ilitolewa kwenye kadi ikatiwa katika diski yenyewe. Watengenezaji wengine wakaufuata, na mwaka 1994 ukathibitishwa kuwa kanuni rasmi nchini Marekani kwa jina la ATA. Aliyepata kuifungua kompyuta ya zama hizo ataukumbuka waya bapa wa kijivu wenye mstari mwekundu pembeni, ulioelekezwa kwenye pini ya kwanza katika pini 40 za safu mbili, na kile kijikofia cha plastiki kilichohamishwa kwa ncha ya kibano ili kuamua, diski mbili zikishirikiana waya mmoja, ipi itangulie na ipi ifuate. Mwaka 2003 ukaja utaratibu wa SATA, kila diski ikapata waya wake mwembamba, na vijikofia hivyo vikakosa kazi.

Na itazamwe faida ya mapatano hayo. Kampuni ya Conner ilimezwa na Seagate mwaka 1996, na Maxtor vivyo hivyo mwaka 2006. IBM yenyewe, mama wa sanaa hii, iliuza kazi yake ya diski kwa Hitachi. Na leo watengenezaji wakubwa waliosalia ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Lakini mwenye diski ya Maxtor hakuachwa yatima, maadamu diski yoyote ya kanuni ile ile yaweza kushika mahali pake.

Kwa hiyo mwenye kununua na aangalie kwanza mambo matatu: kipimo, kama ni inchi 3.5 au 2.5, kiungo, kama ni ATA ya zamani au SATA, na ukubwa ambao mashine yake yaweza kuutambua, kwani kompyuta nyingi za kale hukwama penye gigabaiti 137, na nyingine penye terabaiti 2. Jina la mtengenezaji na lifuate baada ya hayo.