Alama katika katuni: mashabiki huona nini, na mzazi aamini nini?

Huenda imekufikia kwenye simu: ujumbe wa sauti, au picha iliyozungushiwa mduara mwekundu, ukisema kwamba katuni wanayoitazama watoto ina alama ya siri. Pembetatu yenye jicho moja. Moto wenye umbo la msalaba. Nyota ya pembe sita. Mwishoni unaombwa uwatumie wazazi wenzako kabla hujachelewa.

Ujumbe wa namna hii hauzuki hewani. Mara nyingi chanzo chake ni mazungumzo ya mashabiki, watu wanaopenda katuni kiasi cha kuitazama mara kumi, kusimamisha picha na kuulizana: kwa nini mhusika huyu amepewa rangi hii, jina hili, umbo hili? Katika makala hii tunaeleza kazi hiyo ya mashabiki, ni wapi imepatia na wapi imekosea, na jinsi mzazi anavyoweza kutenganisha fumbo la kweli na hofu ya bure.

Nadharia ya mashabiki ni nini?

Ni maelezo yanayotolewa na mtazamaji kuhusu jambo ambalo hadithi yenyewe haijalisema wazi. Mtazamaji anakusanya dalili, anaziunganisha, kisha anasema: nadhani maana yake ni hii.

Kwetu jambo hili si geni. Aliyekulia kwenye hadithi za bibi anajua kwamba sungura si mnyama tu, ni ujanja wa mdogo mbele ya mkubwa, na fisi ni tamaa isiyoshiba. Anayetegewa kitendawili hutafuta kitu kilichojificha nyuma ya maneno. Mashabiki wa katuni hufanya kazi hiyo hiyo, ila wanategua picha.

Majina: ufunguo tulio nao tayari

Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya The Lion King. Watazamaji wengi duniani walipaswa kufungua kamusi ili wajue kwamba Simba ni simba, na kwamba Rafiki ni rafiki. Msemaji wa Kiswahili alilijua hilo siku ya kwanza. Alijua pia kwamba Pumbaa, ngiri mwenye moyo mwema na akili ya polepole, amebeba kitenzi cha kupumbaa, na kwamba fisi Shenzi alitukanwa tangu alipopewa jina.

Mfululizo uliotokana na filamu hiyo, The Lion Guard, ulionyeshwa kuanzia mwaka 2016 hadi 2019, na uliendelea na mtindo huo. Kiongozi wa kundi ni Kion, mwana wa Simba, na jina lake linafanana na mwanzo wa neno kiongozi. Yangeyange mwenye macho makali anaitwa Ono, karibu kabisa na ona. Kiboko mpole anayependwa na kila mtu ni Beshte, ambalo kila kijana wa mjini atalisikia kama beste.

Hii ndiyo alama rahisi kuliko zote: jina linalotangulia kusema tabia. Watunzi wa Afrika Mashariki nao huitumia. Ubongo Kids, katuni ya elimu iliyoanza jijini Dar es Salaam mwaka 2014, haifichi kwamba imekuja kuamsha bongo. Katuni ndugu yake, Akili and Me, ina msichana anayeitwa Akili, anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na kujifunza mambo mapya ndotoni, katika nchi inayoitwa Lala. Hapo hakuna siri. Alama imewekwa mezani ili mtoto aichukue.

Alama iliyowekwa makusudi: Gravity Falls

Wapo watunzi wanaotaka kutafutwa. Alex Hirsch alitunga Gravity Falls, iliyoonyeshwa na Disney kuanzia Juni 2012 hadi Februari 2016. Inasimulia habari za mapacha wawili, Dipper na Mabel, wanaokaa likizo kwa babu yao mdogo, Stan, katika mji wenye mambo ya ajabu. Mwishoni mwa kila sehemu yalionekana maandishi ya fumbo.

Baadhi yalitumia njia ya zamani inayoitwa kwa jina la Kaisari wa Roma: kila herufi inasogezwa hatua tatu. Unaweza kuijaribu mwenyewe kwa alfabeti ya Kiingereza. A inakuwa D, B inakuwa E. Neno SIMBA linakuwa VLPED. Anayejua njia anarudi nyuma hatua tatu na kulisoma. Watoto na watu wazima walikaa wakifumbua maneno hayo na kuandikiana majibu.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Katika hadithi kulikuwa na madaftari ya siri yasiyojulikana mwandishi wake, na baadhi ya mashabiki walibashiri kwamba aliyeyaandika ni pacha wa Stan. Walikuwa wamepatia. Hirsch alieleza baadaye kwamba ubashiri huo ulimtia wasiwasi, akatengeneza picha ya uongo inayoonyesha mwandishi mwingine, akaiachia mtandaoni kana kwamba siri imevuja. Ukweli ulitoka kwenye katuni mwaka 2015.

Humo pia yumo Bill Cipher, adui mwenye umbo la pembetatu na jicho moja, anayefanana na piramidi yenye jicho iliyo nyuma ya noti ya dola moja ya Marekani. Huyo ndiye anayezungushiwa mduara mwekundu katika picha nyingi zinazosambazwa. Lakini ukiifuata hadithi utaona kwamba Bill ni mlaghai anayewapa watu ahadi na kuwapokonya kila kitu, na watoto wanasimama kumpinga. Mtunzi alichukua alama inayohusishwa na njama za siri, akamvika adui. Anayeona picha moja bila hadithi anaweza kudhani kwamba mtoto anafundishwa kumfuata.

Baada ya katuni kwisha, mwaka 2016, Hirsch aliwatolea mashabiki msako wa dalili ulioanzia Urusi, ukapita Japani na kuishia Marekani. Mashabiki walilikuta sanamu la Bill msituni, katika jimbo la Oregon.

Alama iliyowekwa kwa ajili ya kupendeza: Evangelion

Sasa tuangalie upande wa pili. Oktoba 1995 televisheni moja ya Japani ilianza kuonyesha Neon Genesis Evangelion, iliyoongozwa na Hideaki Anno. Ina sehemu 26. Imejaa majina na alama za Kikristo na za Kiyahudi: Adamu, mkuki uliomchoma Yesu, mti wa uzima, na milipuko inayopanda angani kwa umbo la msalaba.

Mashabiki wa Marekani na Ulaya waliandika kurasa nyingi kueleza kila msalaba. Kisha msaidizi wa mwongozaji, Kazuya Tsurumaki, akaulizwa. Jibu lake liliwashangaza wengi: alisema katuni za maroboti makubwa zilikuwa nyingi Japani, nao walitumia alama hizo ili yao ionekane tofauti. Hakukuwa na fundisho la Kikristo nyuma yake. Aliongeza kwamba kama wangejua katuni ingefika Marekani na Ulaya, huenda wangefikiri tena.

Kilichokusudiwa kilikuwa mahali pengine. Majina ya ukoo ya wahusika wengi, kama Ayanami, Katsuragi na Akagi, ni majina ya meli za kivita za Japani. Mjapani anayejua historia ya nchi yake anaweza kuyatambua, kama sisi tulivyomtambua Pumbaa. Mgeni alikuwa anatazama misalaba.

Funzo ni kwamba alama husomwa kwanza kwa lugha ya aliyeichora. Ukiisoma kwa lugha yako tu, unaweza kuona kitu ambacho hakikuwekwa.

Alama inayotiwa na mtazamaji: SpongeBob

Nadharia moja inasema kwamba wahusika saba wa SpongeBob SquarePants ni zile dhambi saba kuu zinazotajwa katika mafundisho ya Kikristo. Bwana Krabs ni uchoyo, Patrick ni uvivu, Plankton ni wivu, na kuendelea.

Inavutia, na kwa Krabs na Patrick inaonekana kukaa vizuri. Lakini jiulize: ni familia gani yenye watu saba ambayo huwezi kuigawia dhambi hizo? Mjomba anayependa kulala ni uvivu, shangazi anayehesabu senti ni uchoyo. Ukishakuwa na orodha, watu hawakosekani.

Hapo ndipo nadharia hii inapoachana na ile ya Gravity Falls. Ubashiri wa pacha ungeweza kushindwa: hadithi ingekwisha bila pacha, na kila mtu angejua kwamba walikosea. Nadharia ya dhambi saba haiwezi kushindwa, maana hakuna kitakachotokea cha kuipinga. Si kosa kuizungumza kwa kujifurahisha. Kosa ni kuichukua kama ushahidi.

Mashabiki wanapomuumba mhusika

Mashabiki hawaishii kutafsiri. Huchora, huandika hadithi, hushona mavazi, na wakati mwingine humzaa mhusika kamili.

My Little Pony: Friendship is Magic ilianza Oktoba 2010. Katika sehemu ya kwanza, nyuma ya wahusika wakuu, alionekana farasi wa kijivu ambaye macho yake yalitazama pande mbili tofauti. Mashabiki walimwona, wakampenda, wakamwita Derpy, wakambunia tabia na maisha. Watengenezaji wakaipokea zawadi hiyo, wakaanza kumweka makusudi. Januari 2012 jina hilo likatamkwa kwenye katuni yenyewe.

Kisha yakaja malalamiko. Baadhi ya watazamaji walisema jina hilo ni la dhihaka, na kwamba macho na sauti yake vinawakejeli watu wenye ulemavu. Sehemu hiyo ikarekebishwa: sauti ikabadilishwa na jina likaondolewa. Mashabiki wengine walikasirika, wakisema kwamba kwao Derpy ndiye aliyekuwa mfano wa kupendwa jinsi ulivyo.

Pande zote mbili zilikuwa zinazungumzia farasi mmoja. Mmoja aliona kicheko, mwingine aliona faraja. Mtoto mwenye makengeza anayetazama katuni hiyo pamoja na wenzake atapata kimojawapo kati ya hivyo viwili, na mara nyingi itategemea mtu mzima aliyeketi karibu naye atasema nini.

Hofu ya alama na hatari ya kweli: Pokémon

Mwaka 2001 Saudi Arabia ilipiga marufuku michezo na kadi za Pokémon. Viongozi wa dini walisema zinahimiza kamari na zina alama za imani na siasa za wengine, ikiwemo nyota ya pembe sita. Uvumi kuhusu maana za siri za majina ya wanyama hao ulisambaa katika nchi nyingi.

Lakini katuni ya Pokémon iliwahi kuwadhuru watoto kweli, na haikuwa kwa alama yoyote. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, sehemu moja ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipokezana kwa kasi sana. Watoto wapatao 685 walipelekwa hospitali, baadhi yao wakiwa na degedege. Katuni ilisimamishwa kwa miezi minne, na vituo vya televisheni vikaweka kanuni za kudhibiti mwanga unaomweka.

Tunalitaja hili kwa sababu kuna watu wachache, wakiwemo baadhi ya wenye kifafa, ambao mwanga wa kumweka haraka huwaletea degedege. Mtoto asikae gizani na simu karibu na uso. Akilalamika kichwa au kizunguzungu anapotazama, ondoa simu, na umweleze mhudumu wa afya.

Hatari ya pili ni video za kuigiza. Mwaka 2017 ilibainika kwamba YouTube ilikuwa na video nyingi zilizotumia sura za wahusika maarufu, kama Elsa na Peppa Pig, katika visa vya kutisha na vya aibu. Hazikutengenezwa na wenye katuni. YouTube ilifuta nyingi, lakini mbinu hiyo haijaisha. Sura ya mhusika unayemfahamu haikuhakikishii kwamba kilichomo ni salama.

Ufanye nini ujumbe ukikufikia?

Kwanza, uliza alama hiyo imetoka katika katuni gani na sehemu ya ngapi. Ujumbe usiotaja hata jina hauna cha kuchunguza.

Pili, tazama sehemu yenyewe, si picha iliyokatwa. Angalia kama aliyebeba alama ni mwema au ni adui.

Tatu, uliza kama madai hayo yangeweza kuonekana si kweli. Kama kila jibu linayathibitisha, hayo si ushahidi.

Nne, angalia jina la akaunti iliyoweka video, na utazame dakika chache kabla ya kumkabidhi mtoto simu.

Tano, muulize mtoto. "Huyu unadhani ni mtu wa namna gani? Kwa nini wamempaka rangi hii?" Majibu yake yatakueleza anachokipokea kuliko mduara wowote mwekundu. Naye atakuwa amejifunza kutegua, jambo ambalo bibi zetu walilifundisha jioni, bila umeme wala bando.