Kesi za usiku: mauaji ya wenye ualbino na shahidi anayejua watu kwa sauti

Wageni wengi wanaopanda Lushoto kutoka Mombo huwa na safari ya Irente, kwenye mwamba unaoitazama Mazinde na nyika ya Wamasai huko chini. Njia hiyo ina Shule ya Wasioona ya Irente, iliyoanzishwa na Kanisa la Kilutheri mwaka 1963, lakini wageni wachache husimama hapo. Pamoja na watoto wasioona kabisa, shule imekuwa ikipokea wenye ualbino, ambao huona lakini hafifu. Mboni zao huchezacheza na mwanga mkali huwaumiza. Mtoto wa namna hiyo husogeza kitabu hadi karibu na pua ndipo herufi zikae sawa. Mtu aliyesimama ng'ambo ya darasa, mtoto huyo humjua kwa sauti na kwa mwendo kabla ya kuiona sura yake.

Jambo hilo dogo la darasani limekuwa na uzito wake kortini.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na riwaya za upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 kwa hadithi iliyochapishwa mwaka 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Ndani yake mtu anauawa, wenyeji wananong'ona kuhusu mzimu, na Bwana Msa, kiko mdomoni, anakataa katakata kwamba mzimu unaua watu. Anamtafuta binadamu na anampata. Baada yake wakaja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Kanuni ikabaki ileile: kabla kitabu hakijafungwa, mhusika mkuu wa uovu atajulikana kwa jina.

Mauaji yaliyoanza kutikisa Kanda ya Ziwa mwaka 2007 nayo yalijificha nyuma ya uganga, ila hayakupata mwisho wa namna hiyo. Waganga walikuwa wakiwaambia wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba kiungo cha mwenye ualbino huleta utajiri. Watu walivamia nyumba usiku kwa mapanga. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mteja akawaendea waganga, kisha akalazimika kujificha kwa vitisho. Mwaka huohuo Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi, na mwezi huohuo akabubujikwa na machozi bungeni suala hili lilipojadiliwa. Machi ikaja kura ya siri: wananchi waandike kwenye karatasi majina ya wanaowashuku. Sikuipenda kura ile wakati ule na siipendi leo. Karatasi isiyo na jina la mwandishi huandikwa pia na mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba.

Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa wilaya ya Bukombe Desemba iliyotangulia. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Mmoja wao alikuwa amekutwa na mguu wa mtoto huyo.

Palipo na kielelezo kama hicho, upande wa mashtaka hupumua. Shida huja pale kilichobaki ni maneno ya aliyenusurika. Katika rufaa ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliyoamuliwa mwaka 1980, Mahakama ya Rufani iliweka masharti ya kumtambua mtu kwa macho: shahidi alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alimfahamu kabla? Masharti hayo ni ya haki, kwani bila hayo wasio na hatia wangejaa magerezani. Sasa mweke kizimbani mama mwenye uoni hafifu, aliyevamiwa saa nane za usiku katika nyumba yenye kibatari. Akisema, "Nilimjua kwa sauti, ni jirani yetu," atakutana na msimamo mwingine wa mahakama zetu, kwamba ushahidi wa sauti ni dhaifu kwa kuwa sauti huweza kuigwa. Wakili wa utetezi hahitaji kumwita mwongo. Anamwonyesha kitu kwa mbali na kumuuliza ni nini.

Kwa hiyo kesi hizi zilihitaji upelelezi wa vitu kuliko wa macho, na mara chache ulifanyika vizuri. Agosti 2010 mahakama ya Mwanza ilimfunga Mkenya aliyemvusha mpaka mwenzake mwenye ualbino kwa kumdanganya kwamba kuna kazi ya utingo wa lori. Alikuwa anataka kumuuza kwa shilingi milioni 400. Wanunuzi aliokaa nao mezani walikuwa polisi.

Katika mkasa huo muuzaji alikuwa wa kweli na mnunuzi wa bandia. Katika kesi nyingine nyingi zilizovuma, walionaswa ni wakataji na wabebaji, watu wasioweza kuhesabu hata sehemu ndogo ya fedha zinazotajwa. Ripoti ya Shirikisho la Msalaba Mwekundu ya mwaka 2009 ilitaja dola 75,000 kwa viungo vyote vya mtu mmoja. Nani Tanzania hii ana dola 75,000 za kumpelekea mganga? Hapo ndipo Bwana Msa angeanzia.

Badala yake nguvu nyingi zilikwenda kwenye kuwahamisha waathirika. Watoto walikusanywa Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo huko Misungwi, Kabanga huko Kasulu, wakaishi nyuma ya kuta, wengine miaka bila kumwona mzazi. Shule zilizojengwa kwa ajili ya kusoma nukta nundu zikageuka maficho. Kufikia mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitaja watu wasiopungua 75 waliouawa tangu mwaka 2000. Jua, kwa taarifa yako, huwaua wengi zaidi kwa saratani ya ngozi, na ukungu wa milima ya Usambara, iliko Lushoto, haulizuii.

Lushoto ilishika upande mwingine wa kazi. Mwaka 2007, mwaka uleule habari za mapanga zilipoanza kusambaa, dayosisi ya Kilutheri ilifungua Magamba chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikiandaa walimu wa elimu maalumu.

Mei 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu alichukuliwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, na mwili wake ukapatikana Juni. Miongoni mwa 9 waliofikishwa mahakamani Bukoba ni baba mzazi na paroko msaidizi. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu dhidi ya Tanzania katika shauri lililofunguliwa mwaka 2018 na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao wa Pretoria na Banjul. Hapo mshtakiwa alikuwa serikali, kwa kushindwa kuwalinda watu wake. Mnunuzi hakuwa na kiti katika shauri hilo, wala jina lake halikuwepo.